Siku Sita za Kufuata Mvumo wa Babu: Malindi, Amu, Pate

Marehemu babu yetu alikuwa na wimbo mmoja tu wa kutubembeleza, nao haukuwa na maneno. Ulikuwa mvumo wa puani unaopanda ngazi tatu, unatua, kisha unamalizika kwa "eee" ndefu. Sisi wajukuu tulilala kwa mvumo huo miaka yote ya Malindi, na hakuna aliyewahi kumuuliza ni wa nini. Babu alikuwa Mbajuni wa bara, upande wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Alihamia Malindi wakati wa vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, kati ya 1963 na 1967, Wabajuni wengi walipoyaacha makonde yao ya bara na kukimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Alikuja na jembe, shoka na mvumo huo.

Februari hii, wiki mbili kabla ya Ramadhani, nilimchukua mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye simu nzuri kuliko yangu, tukaenda kuutafuta. Nimeyapanga haya kutoka kwenye daftari lililolowa maji ya chumvi na picha mia mbili na kitu, nyingi zikiwa za punda.

Alhamisi. Malindi hadi Amu (Lamu)

Tuliambiwa tufike stendi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tukafika. Basi liliondoka saa moja kasoro robo, baada ya kupakiwa magodoro sita, jokofu moja na kuku ambao hawakukatiwa tiketi. Nauli ilikuwa shilingi 1,000 kwa kila mtu.

Gongoni na Marereni nilizipita kwa usingizi. Garsen nikaamka kutazama mto Tana, mwekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Kituo cha ukaguzi cha Gamba abiria wote walishuka, wakapanga mstari na vitambulisho mkononi. Hapo ndipo mpwa wangu alipokumbuka kuwa kitambulisho chake kiko Malindi, mfukoni mwa suruali nyingine. Alikuwa na picha yake kwenye simu. Askari akaitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama tena. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele, ambaye hatukuwa tumebadilishana naye hata salamu, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Mwache huyo, ni mtoto wetu, akili zake ndizo hizo." Askari akacheka, tukapita. Mama yule alishuka Witu na ndoo yake ya maembe kabla sijapata nafasi ya kumshukuru vizuri.

Kwa atakayefuata: chukua kitambulisho chenyewe, usitegemee picha. Kaa upande wa kushoto wa basi, maana jua la asubuhi litakuchoma kulia mpaka Hindi. Na usipange kusafiri jioni. Barabara ile ni ya mchana, na bado wasafiri hunyamaza kidogo basi likiingia Nyongoro, ambako mabasi yamewahi kushambuliwa.

Mokowe tulifika saa sita na nusu. Boti ya abiria hadi Amu ilikuwa shilingi 150, na vijana wa kubeba mizigo watakwambia imekwisha kuondoka ili upande yao ya kukodi. Haijaondoka. Subiri.

Chumba tulipata Langoni, mtaa wa kusini wa mji, juu ya ghorofa, vitanda viwili na chandarua, shilingi 2,000 kwa usiku. Usiku tulikula wali wa nazi na changu wa kupaka kwa bibi mmoja anayepikia barazani kwake. Nilipomwambia natafuta vave, nyimbo za Wabajuni za kuchomea makonde, nisikie kama mvumo wa babu umo, alinitazama kama niliyesema natafuta theluji. "Vave ni ya Watikuu wenye makonde," akasema, yaani sisi Wabajuni. "Hapa Amu utapata vugo. Kesho kuna harusi."

Ijumaa. Siwa na vugo

Asubuhi tulikwenda makumbusho pale mbele ya bahari. Niliwahi kwenda nikiwa mwanafunzi, nikakumbuka kiyoyozi cha upepo tu. Safari hii nilisimama kwa siwa mbili: ya pembe za ndovu, iliyotoka Pate, na ya shaba, ya Amu wenyewe. Mpwa wangu aliuliza kwa nini mji uwe na baragumu zito kiasi kile ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba akacheza nalo. Mzee aliyekuwa akifagia akamjibu kwamba halikuwa la kuchezea. Likilia, mji mzima ulijua kuna harusi ya wakubwa, tohara au msiba, na aliyekuwa na ugomvi aliuweka kando mpaka shughuli iishe.

Nikaliandika hilo. Lakini nisije nikampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: watu wa huku si malaika kwa sababu wanatunga mashairi. Mchana tulitembea kwa miguu hadi Shela, dakika arobaini na kitu ukifuata pwani maji yakiwa yamekupwa. Mchanga ule mweupe wa watalii ndipo Waamu walipopigana na majeshi ya Mombasa na Pate, karibu mwaka 1812. Vita vile vilikuwa na washairi pande zote mbili: Zahidi Mngumi kwa Amu, Muyaka bin Haji kwa Mombasa. Mashairi yalivuka bahari kabla ya majahazi. Kwa hiyo ushairi wa huku unaweza kuzima moto na unaweza kuuwasha, inategemea nani ameshika kalamu. Ngome ya Amu, ile iliyo sokoni, ilimalizika kujengwa baada ya vita hivyo, mnamo 1821.

Usiku, harusi. Mpwa wangu hakuruhusiwa, akabaki na wanaume kwenye kahawa na halua. Mimi nilivutwa mkono na bibi wa barazani. Vugo ni pembe. Kila mwanamke ameshika pembe kavu kiganjani mwa kushoto, kijiti mkono wa kulia, na wanapiga wote kwa pamoja mlio mkavu, kama matone mazito ya mvua juu ya bati la jirani. Wanakwenda hivyo kwenye vichochoro ambamo watu wawili wanene hawapishani. Kiongozi anatoa mstari, wengine wanadaka. Mistari mingi ilikuwa sifa za bibi harusi, halafu ghafla ukapita mmoja uliowafanya wote wapige kelele na kuangua kicheko. Nilipouliza maana, bibi wangu akanijibu, "Ni fumbo la mtu wa Mkomani. Mwenyewe yumo humu humu, anapiga pembe."

Na kweli mtu huyo wa Mkomani, mtaa wa pili wa Amu, alikuwemo. Alinyooshewa kidole, akacheka, akangoja zamu yake. Mstari aliourudisha sikuuelewa hata neno, lakini safari hii upande wa Langoni ndio waliofunika nyuso kwa leso. Tukafika nyumbani kwa bibi harusi wote jasho tupu, aliyefumba na aliyefumbwa wakichangia sahani moja ya sambusa.

Simu weka mkobani. Hakuna tangazo ukutani, lakini picha hazipigwi, na mgeni anayetoa simu hurudishiwa macho makali kuliko pilipili ya achari.

Jumamosi. Mkanda

Hii ndiyo siku ya safari yenyewe, nayo nusu yake tulikaa kwenye tope.

Boti ya Faza, kisiwani Pate, ilikuwa iondoke saa tatu asubuhi, maji yakiwa bado ya kutosha. Kati ya kisiwa cha Manda na bara kuna mlango mwembamba, Mkanda, uliobanwa na mikoko pande zote, na boti kubwa hupita humo maji yakijaa tu. Kila mtu anajua hivyo. Nahodha anajua zaidi. Lakini kulikuwa na abiria mmoja aliyeagiza mifuko kumi na minne ya saruji, na saruji ilikuwa bado inakuja kwa punda. Tukangoja. Saa nne. Saa nne na nusu. Punda wakafika wakiwa hawana haraka hata kidogo.

Nauli ilikuwa 400. Chukua maji ya kunywa na kofia, na kama una mtoto chukua chakula mara mbili ya unachofikiri kinatosha.

Tuliingia Mkanda saa tano na ushei, maji yakikupwa mbele ya macho yetu. Mabaharia wawili walisimama na pondo, wakisukuma. Injini ikatimua tope jeusi, ikakohoa, ikazimwa. Boti ikalala ubavu kidogo, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani. Nahodha akatangaza, "Mpaka maji yarudi." Hakuna aliyelalamika kwa sauti isipokuwa mwenye saruji, ambaye kila mtu alimtazama, akanyamaza.

Tulikaa hapo muda wa karibu saa saba nzima. Chakula kilianza kutembea. Mama mmoja alifungua kawa lenye mkate wa mofa, mwingine akatoa papa mkavu, mimi nikatoa mahamri ya Langoni, na mwenye saruji, kwa kujikomboa nafikiri, akatoa katoni nzima ya soda zilizokwisha kupata moto. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa jekundu walitoka mashimoni wakawa wanatupungia kwenye tope.

Alasiri, joto lilipozidi, mzee mmoja aliyekaa mgongo wake ukiegemea saruji alianza kuimba. Hakujitayarisha wala hakuombwa. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, na kila mwisho wa mstari aliivuta mpaka pumzi ikamwisha. Mabaharia wakaitikia bila kugeuza vichwa. Mpwa wangu akaniminya mkono: simu yake ilikuwa imebaki na asilimia tatu. Alirekodi sekunde arobaini, ikazima.

Kilikuwa kimai. Mai kwa Kitikuu ni maji, na kimai ni wimbo wa watu wa maji: upepo, hatari, mke aliyeachwa bandarini, nahodha asiyesikia la mtu. Ubeti mmoja ulikuwa wa nahodha aliyengoja mzigo wa mwingine hadi maji yakamkimbia. Nilidhani ni wa zamani. Nikaona mabega ya mabaharia yakitikisika kwa kicheko, na nahodha wetu akijifanya anakagua kamba, nikajua umetungwa pale pale. Hakukuwa na jinsi nyingine ya kumwambia. Ni mkubwa, chombo ni chake, na bado safari ni ndefu. Kwa kimai aliambiwa yote, mbele ya watu thelathini, na hakuna aliyemvunjia heshima. Mwishoni naye akaitikia, kwa sauti ya chini.

Mzee aliponyamaza nilimwamkia, nikamweleza habari za babu, nikamvumia ule mvumo. Alisikiliza amefumba macho. Akaniambia nirudie. Akatikisa kichwa.

"Hiyo si ya mai. Mwendo huo huvuti kasia nao, utachoka kabla ya kutoka bandarini. Hiyo ni ya konde." Akanitajia kijiji kimoja mwendo mfupi kutoka Faza na mtu wa kumuulizia. "Lakini nenda usiku. Mchana atakwambia amesahau."

Maji yalirudi jioni. Tulipotoka Mkanda jua likiwa limeshazama, upande wa bara taa za bandari mpya ya Lamu zilikuwa zimewaka, ile iliyofunguliwa 2021, na korongo zake za kupakulia mizigo zimesimama juu ya mikoko kama twiga waliopotea njia. Mabaharia hawakuziangalia. Faza tulifika usiku, na mama wa mkate wa mofa akatuchukua kwake bila kutuuliza kama tuna pa kulala. Asubuhi nilijaribu kumpa pesa, akaniuliza kama kwetu Malindi wageni hulipa.

Jumapili. Vave

Mchana tulizunguka Faza, tukanywa maji ya ukwaju, tukachaji simu kwa fundi wa redio kwa shilingi 30, mara hii mpaka ikajaa pomoni.

Baada ya Isha tulichukua bodaboda, 200 kwa wawili, njia ya mchanga kati ya minazi. Mzee tuliyetumwa kwake alikuwa amekaa barazani na taa ya sola, anasuka kamba. Alikuwa na umri wa babu angekuwa hai, au karibu. Salamu zilichukua muda wake: ukoo, ukoo wa mama, nani amekufa, nani yuko Mombasa. Alipolisikia jina la babu alisimamisha kamba kidogo, kisha akaendelea kusuka.

Nilipotaja vave akasema, kama nilivyoonywa, kwamba amesahau. Nikanyamaza. Mpwa wangu, Mungu ambariki, akauliza swali la kitoto: kwani kuchoma shamba kunahitaji wimbo wa nini, si kiberiti tu?

Mzee akaweka kamba chini.

"Moto hauna mato, mwanangu."

Mato kwao ni macho. Akaeleza. Ukiwa na konde jipya unafyeka msitu, unaacha miti na vichaka vikauke kwa jua la kaskazi, na kabla ya masika unachoma. Siku hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote za mwaka. Upepo ukigeuka, moto unaingia konde la jirani, au kijijini. Kwa hiyo usiku wa kuamkia kuchoma, wenye makonde wote hukusanyika, na jirani uliyenuniana naye tangu mavuno yaliyopita lazima awepo, maana mpaka wa konde lako ni mpaka wa lake. Mnaimba vave mpaka alfajiri. Mmoja anaongoza, wote wanaitikia. Wimbo unaanza kwa Mungu, unashuka kwa wazee, unaingia msituni na kuutaja mti mmoja mmoja na mnyama mmoja mmoja, kuwapa habari kwamba kesho kuna moto, wenye miguu waondoke na wasio na miguu wasamehe. Hivyo ndivyo alivyonieleza yeye, na sina sababu ya kupunguza.

"Asubuhi mnawasha wote pamoja. Mtu uliyeitikiana naye usiku kucha, utamwachia moto wako umle?"

Nikamuuliza kwa nini basi imekuwa adimu. Alinionyesha kwa kidevu upande wa bahari, ng'ambo, bara. Makonde makubwa ya mtama na simsim yalikuwa kule. Walikimbia wakati wa shifta, wengine wakarudi, na miaka ya karibuni msitu ule umekuwa na bunduki tena. Hapa kisiwani konde la mtu ni dogo, linachomwa kwa asubuhi moja. "Vave haiimbwi bure. Inataka msitu. Utaitaja miti gani, hii minazi ya watu?"

Halafu akaimba. Alisema ni mwanzo tu, na atakoma kabla ya kuingia msituni, kwa sababu hakuna kitakachochomwa kesho. Lakini hakukoma. Akaingia. Mimi na mpwa wangu hatukujua kuitikia, tukababaika, na hapo sauti ya pili ikatoka ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlango: mkewe. Sauti nzito, isiyo na haraka. Hakutoka nje. Aliitikia kila mahali palipotakiwa kuitikiwa, na nilisikia wakati huo huo sufuria zikioshwa.

Walipofika mahali fulani, nywele zikanisimama. Ngazi tatu kupanda, kutua, "eee" ndefu.

Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia hicho ndicho alichotuvumia babu kutulaza. Akacheka mpaka akakohoa, akamrudia mkewe pale mlangoni na kumweleza, naye nikamsikia anacheka. Kipande kile, alisema, ni cha saa tisa za usiku. Ndipo watu husinzia, na kiongozi hukileta kuwaamsha.

Jumatatu

Boti ya kurudi Amu iliondoka kwa wakati na maji yalikuwa tele. Sina la kusimulia.

Jumanne. Asali

Basi la asubuhi kutoka Mokowe, 1,000 tena. Hindi lilisimama kwa robo saa. Mtu mmoja wa makamo alikuwa ameweka chupa za asali juu ya gunia, asali nyeusi yenye vipande vya nta. Alikuwa Mboni, wenyewe hujiita Aweer, watu wa msituni tangu hapo, walioishi kwa kuwinda mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Asali imebaki.

Mpwa wangu, ambaye sasa alikuwa mtafiti kamili, akamuuliza kama nao wana nyimbo za kazi. Akajibu kwamba kwanza lazima umwite ndege. Akaviringa kiganja, akapuliza mbinja moja ndefu yenye mtikisiko mwishoni, na konda akageuka akidhani anaitwa. Ndege wa asali akiisikia anakuja, anakutangulia mti kwa mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Ukishatoa asali unamwachia nta yake. Nikamuuliza usipomwachia? Akanitazama kama yule bibi wa Amu siku ya kwanza. Nani asimwachie?

Chupa ilikuwa 500. Ifunge kwa nailoni mbili, wima, na usiiweke pamoja na daftari. Mimi niliiweka pamoja na daftari. Kurasa za Jumapili zimegandana mpaka leo, na nilizoziandika hapo juu nimezitoa kichwani na kwenye simu.

Kwenye simu kuna dakika kumi na moja. Nimezisikiliza mara nyingi kwa visikizio, usiku, nyumba ikishatulia. Dakika ya nne kuna punda. Dakika ya saba unasikika mvumo wa babu. Na kwenye dakika ya tisa kuna kitu ambacho pale barazani hatukukisikia kabisa: mzee anautaja mkwaju, na sauti ya mkewe, chini chini, kati ya sufuria mbili, inasema, "Mkoma kwanza." Mzee anarudi nyuma, anautaja mkoma, kisha mkwaju, wanaendelea.